Shilingi 4,000 kwa Jambazi wa Taa Nyekundu

Nilikuwa nimebakiwa na shilingi 11,000 za bumu na siku tisa mbele yangu, na bado nikatoa 4,000 nikanunua kitabu. Nakiri mapema ili wanaonidai wasome wenyewe hapa. Ilikuwa Posta, kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaopanga mali yao chini juu ya turubai, katikati ya vitabu vya hesabu vya kidato cha nne na riwaya za mapenzi zisizo na majalada. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, jina lake Cell 2455, Death Row. Yaani chumba namba 2455, safu ya waliohukumiwa kifo. Aliyekiandika ni Caryl Chessman, Mmarekani, na alikiandika akiwa ndani ya chumba hicho hicho.

Jioni yake nikakipeleka kimbwetani kujitapa. Pale huwa tunakaa watu watatu wanne, na mmoja wetu ni dada wa mwaka wa tatu anayesoma sheria. Alisoma maelezo ya jalada la nyuma, akakifunga, akakisukuma upande wangu kwa ncha ya kalamu kama mtu anayesogeza mende. Akaniuliza kama najua huyo mtu alihukumiwa kwa kosa gani. Nikasema ujambazi. Akasema nisome vizuri. Halafu akauliza swali lililozaa makala hii: imekuwaje mimi, ninayekimbia mchango wa 500 wa maji ya kunywa bwenini, nikampa mtu kama yule 4,000?

Nilijibu haraka haraka kwamba mwandishi kafa tangu 1960, kwa hiyo hela imeingia mfukoni mwa muuza vitabu na si kwingine. Ni kweli. Ila usiku nikiwa kitandani niliona sijajibu kitu. Je, angekuwa hai ningenunua? Basi nikafanya kile tunachoagizwa kila muhula na hatukifanyi: nikatafuta habari za mtu huyu mwanzo hadi mwisho, na si kutoka mdomoni mwake peke yake.

Chessman alizaliwa tarehe 27 Mei 1921 katika mji wa St. Joseph, jimbo la Michigan. Wazazi wake wakahamia California naye akiwa bado mdogo. Alikuwa mtoto wa pekee, mwenye kifua kibovu, wa kuugua ugua. Kisha mambo yakaanza kuporomoka nyumbani. Mama yake alipata ajali ya gari akapooza, na baba yake, ambaye biashara zilikuwa zimemwishia katika ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, alishindwa kulibeba lile zigo. Kijana akaanza kwa kuiba chakula, akaendelea na magari. Akiwa na miaka 16 tayari yuko shule ya adabu. Akiwa na 20 yuko San Quentin, gereza kubwa lililo ukingoni mwa ghuba karibu na San Francisco, kwa unyang'anyi. Mwaka 1943 alitoroka kutoka gereza la ulinzi mdogo la Chino, akakamatwa, akahamishiwa Folsom ambako hakuna mchezo. Desemba 1947 akaachiwa kwa masharti.

Sehemu hii ya maisha yake naipita haraka kwa sababu yeye mwenyewe aliisimulia kwa urefu na kwa utamu, na hapo ndipo kuna mtego. Ukimsoma, unamwonea huruma kabla hujajua unamwonea huruma kwa lipi.

Januari 1948, wiki chache tu baada ya kutoka, mji wa Los Angeles ukaingia hofu. Kulikuwa na mtu anayeendesha gari lenye taa nyekundu kama ya polisi. Alikuwa akienda usiku kwenye vilima na sehemu za upweke ambako wapenzi huegesha magari, anawamulika, wanadhani ni askari, anawatolea bastola na kuwapora. Magazeti yakambatiza Jambazi wa Taa Nyekundu. Mara mbili hakuishia kwenye pochi. Alimtoa mwanamke ndani ya gari la mwenzake akamlazimisha kufanya mambo ya ngono. Mmoja wa wanawake hao alikuwa binti wa miaka 17, na huyo alizunguka naye na gari usiku kabla ya kumrudisha karibu na kwao.

Tarehe 23 Januari polisi walilifukuza gari la wizi lililokuwa limetumika katika uporaji wa duka la nguo, wakalikamata, na ndani alikuwamo Chessman na mwenzake. Polisi walisema alikiri. Yeye alisema alikiri kwa kipigo. Wale wanawake wawili walimtambua. Tangu siku hiyo hadi siku ya mwisho, miaka 12 baadaye, hakuacha kusema kwamba Jambazi wa Taa Nyekundu ni mtu mwingine.

Wanaosoma sheria watulie kidogo hapa, maana kesi hii ni karamu yao. Chessman alikataa kutetewa, akasimama mwenyewe. Jaji alikuwa Charles Fricke, ambaye katika historia ya California alijulikana kama jaji aliyewapeleka watu wengi zaidi kwenye kifo. Jopo la raia 12 walioamua kesi lilikuwa na wanawake 11 na mwanamume mmoja. Mashtaka yalikuwa 18, wakamkuta na hatia katika 17. Hakuna aliyeuawa. Lakini kulikuwa na sheria iliyotungwa baada ya mtoto wa rubani maarufu Lindbergh kutekwa na kuuawa mwaka 1932, na California ilikuwa na toleo lake: ukimteka mtu kwa nia ya kumwibia na akapata madhara mwilini, unaweza kuhukumiwa kifo. Mwanamke wa kwanza alikuwa amesogezwa futi 22, kutoka gari moja hadi jingine. Futi 22 ni kama kutoka kimbweta chetu hadi bomba la maji. Mahakama ikasema huko ni kuteka. Miaka mitatu baadaye bunge la jimbo likaibana sheria ile ili umbali wa namna hiyo usihesabike tena, lakini yeye alikuwa ameshahukumiwa.

Kisha likatokea jambo ambalo kama ungelitunga kwenye riwaya mhariri angelikata. Mwandishi wa hatimkato aliyekuwa akinukuu kila neno mahakamani alikufa ghafla kabla ya kumaliza kupiga chapa maelezo yake. Theluthi mbili hivi za mwenendo wa kesi zilibaki kwenye vijistari vyake ambavyo si kila mtu aliweza kuvisoma. Akatafutwa mtu mwingine wa kuvitafsiri, na mtu huyo akawa ni ndugu wa ndoa wa mwendesha mashtaka. Chessman akang'ang'ania hapo. Atakataje rufaa, alidai, kwa kumbukumbu za kesi zilizoandikwa na mkwe wa anayemtaka afe? Ilichukua hadi 1957 Mahakama Kuu ya Marekani kukubali kwamba alinyimwa haki ya kusikilizwa wakati kumbukumbu hizo zilipokuwa zikithibitishwa.

Katika kungoja huko ndipo kitabu kilipozaliwa. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, lakini alikuwa na mashine ya kupiga chapa na mafaili ya kesi hadi kitandani. Cell 2455, Death Row kilitoka mwaka 1954. Watu wakakigombania. Kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na mwaka uliofuata kikatengenezewa filamu. Mtu ambaye serikali ilikuwa imempa namba akawa na jina tena, na jina lenyewe likawa kubwa kuliko la waliomfunga. Wakuu wa gereza hawakufurahi. Wakapiga marufuku wafungwa wa safu ile kuandika kwa ajili ya kuchapishwa, wakamnyang'anya muswada wa riwaya. Akaendelea kuandika kwa siri na kurasa zikatoroshwa nje. Mwaka 1955 kikatoka cha pili, Trial by Ordeal, na 1957 cha tatu, The Face of Justice. Ile riwaya iliyozuiwa ilitoka mwaka 1960.

Na hela? Hili ndilo swali la dada wa sheria, na jibu lake si la aibu kama nilivyodhani. Mrabaha ulilipa mawakili. Vitabu vilinunua rufaa, rufaa zilinunua muda. Mara nane tarehe ya kuuawa ilipangwa, na mara nane ikasogezwa. Kila aliyenunua kitabu dukani huko New York au Paris alikuwa, apende asipende, anachangia ada ya wakili wa mtu aliyehukumiwa kifo katika kesi yenye kasoro. Ukiuliza kama hiyo ni hela mbaya, mimi nasema hapana. Tajiri angeitoa benki, yeye aliitoa kichwani.

Umaarufu wake ulifika mbali. Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné kule Gabon, aliomba asamehewe. Aldous Huxley aliomba. Eleanor Roosevelt aliomba. Barua zikamiminika kutoka Brazil na Ulaya. Machi 1960 jarida la Time likaweka uso wake kwenye jalada. Gavana wa California, Pat Brown, alikuwa Mkatoliki asiyependa adhabu ya kifo, ila mikono yake ilifungwa: kwa mtu aliyekwisha kuwa na makosa makubwa ya nyuma, gavana hakuweza kubadili hukumu bila Mahakama ya Juu ya jimbo kukubali, na majaji wanne dhidi ya watatu walikataa. Februari 1960, saa chache kabla ya kunyongwa (naandika kunyongwa kwa mazoea yetu, kule ilikuwa ni gesi), gavana aliahirisha kwa siku 60. Mtoto wake wa kiume, Jerry, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amempigia simu usiku kumsihi. Sababu iliyotangazwa hadharani ilikuwa nyingine: Rais Eisenhower alikuwa anakwenda Amerika ya Kusini na Washington iliogopa maandamano. Gavana akaliita bunge lijadili kufuta adhabu ya kifo kabisa. Mswada ukafa kwenye kamati, kwa tofauti ya kura moja.

Tarehe 2 Mei 1960 saa nne asubuhi Chessman aliingizwa chumba cha gesi. Wakati huo huo mawakili wake walikuwa San Francisco mbele ya jaji Louis Goodman wakiomba muda kidogo tu, na jaji akakubali kusimamisha utekelezaji kwa muda mfupi ili asome maombi yao. Katibu wake akapiga simu gerezani. Akakosea namba. Alipopiga ya pili ikaita, ikapokelewa, na akaambiwa vidonge vya sianidi vimeshadondoshwa. Alikuwa na miaka 38, kati yake karibu 12 akingojea siku hiyo.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea. Kusema kweli nilikuwa nimeshinda ubishi wangu kichwani. Mtu anaandika kitabu, kitabu kinafichua sheria ya ajabu na kumbukumbu za kesi za kutilia shaka, dunia inasoma, na bado anakufa kwa namba ya simu iliyokosewa. Nani atasema kitabu kama hicho kisinunuliwe?

Nikamweleza yule dada. Alisikiliza yote bila kunikata, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa sheria si dogo. Kisha akaniuliza yule binti wa miaka 17 alikuwaje baadaye.

Nilikuwa sijatafuta. Kwa wiki nzima nilijua urefu wa chumba chake Chessman, idadi ya tarehe zake, nani alimwandikia na nani alimpigia simu, na sikuwahi kujiuliza habari za binti yule. Nikarudi kutafuta. Ni machache. Muda si mrefu baada ya kesi alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, akakaa huko. Watetezi wa Chessman walisema ugonjwa ungempata hata bila tukio lile, wanaompinga wakasema ndilo lililomvunja. Wakati Schweitzer anaandika barua yake, yeye alikuwa kwenye maelezo ya chini ya ukurasa. Jina lake lilitajwa magazetini mara nyingi, mimi silitaji hapa. Hakuandika kitabu. Hata angeandika, sidhani kama Hollywood ingekitengenezea filamu.

Ndipo dada akanieleza jambo ambalo katika miaka miwili ya kukaa kimbweta kimoja hakuwahi kulisema. Mama yake alikuwa na duka la vipodozi. Usiku mmoja, dada akiwa kidato cha pili, walikuja watu wanne na panga wakati anafunga. Walichukua mauzo ya siku na simu. Ila mama tangu siku hiyo hafungi duka mwenyewe, na nyumbani hakuzimwi taa ya ukumbini, na bili ya umeme wanaigawana wote bila kuiongelea. Wawili walikamatwa wakafungwa. Alisema hajui wanaendeleaje na hana haja ya kujua, lakini kama siku moja mmoja wao ataandika kitabu kizuri, chenye utoto wa tabu na mama mgonjwa, chenye ucheshi, watu wa kimbweta kama mimi tutakinunua, na mama yake atakuwa sentensi moja ukurasa wa 60.

Sikuwa na la kumjibu, na sikujaribu.

Suala la hela, nilivyogundua, Wamarekani wamelipigania hadi juu kabisa. Mwaka 1977 alipokamatwa David Berkowitz, muuaji wa New York aliyejiita Mwana wa Sam, ilivumishwa kwamba wachapishaji wanapanga foleni kumlipa. Jimbo likatunga sheria haraka: malipo ya mhalifu anayesimulia uhalifu wake yawekwe kando kwa ajili ya walioumizwa. Inavutia, si ndiyo? Kichekesho ni kwamba sheria ile haikuwahi kutumika kwa Berkowitz mwenyewe. Ilitumika, pamoja na wengine, kwa jambazi wa zamani Henry Hill, ambaye alikuwa amelipwa karibu dola 100,000 kwa ajili ya kitabu Wiseguy. Mchapishaji akaenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikaifuta. Majaji waliona nyavu za sheria ile ni pana mno: zingenasa hata tawasifu ya Malcolm X na maungamo ya Mtakatifu Augustino, ambaye alikiri aliiba mapeasi utotoni.

Na sisi je, nyavu hizo zingemnasa nani? Nenda idara ya Kiswahili uulize Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla alishtakiwa Kenya kwa uchochezi, akahukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miaka mitatu, akatunga mashairi yale gerezani, mengine kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilipotoka mwaka 1973 mwandishi wake, mbele ya sheria, alikuwa mtu aliyetumikia kifungo. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya fasihi yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Na mwandishi mwenyewe alikuja Dar es Salaam akafanya kazi Mlimani kwa miaka. Sasa mtu akikuambia hanunui vitabu vya wahalifu, mwulize kwanza mhalifu kwa mujibu wa nani.

Dada alilikubali hilo upesi kuliko nilivyotegemea. Lakini akasema nisijifiche nyuma ya Abdilatif. Kosa la Abdilatif lilikuwa karatasi yenye maoni, hakuna mwanamke aliyelia kwa sababu yake. Nimchukue John Kiriamiti basi. Na kweli, wangapi kati yetu wamesoma My Life in Crime kwa nakala ya kuazimana hadi ikakatika mgongo? Kiriamiti alikuwa mwizi wa mabenki, akafungwa mwaka 1971, kitabu kikatoka 1984, na vijana wa Kenya na wa kwetu wakakimeza. Mimi nilikisoma nikiwa kidato cha tatu, na nakumbuka nilichokipenda ni magari na wepesi wa hela. Magereza yaliyokuwemo niliyaruka. Hilo si kosa la Kiriamiti, ambaye kwa maisha yake ya baadaye amewaambia vijana waache njia ile. Ni kosa la mimi msomaji. Lakini nililipia magari.

Na kuna la kutisha zaidi, la Jack Abbott. Huyu alikuwa mfungwa aliyemwandikia barua mwandishi mkubwa Norman Mailer, barua kali na nzuri hadi zikafanywa kitabu, In the Belly of the Beast. Mailer akamtetea mbele ya wahusika wa kuachia wafungwa. Juni 1981 akatoka. Wiki sita baadaye, kwa ugomvi wa choo, alimchoma kisu na kumuua kijana mhudumu wa mgahawa huko New York. Uhakiki wa kukisifu kitabu chake ulitoka gazetini siku iliyofuata. Watu wenye akili kuliko mimi waliamini kwamba anayeandika hivyo hawezi tena kuua. Nami, niseme ukweli, nilikuwa nimeamini hivyo hivyo kwa Chessman: kwamba anayeandika hivyo hawezi kuwa aliyefanya yale.

Sijui nani alikuwa na ile taa nyekundu. Wanawake wawili walisema ni yeye, na sina sababu ya kuwaona waongo kwa kuwa tu hawajui kuandika sura ya kwanza ya kusisimua. Hilo halifuti futi 22 wala yule mtafsiri wa vijistari. Mtu anaweza kuwa na hatia na bado ameonewa na mahakama. Ni jambo ambalo nimelisoma darasani mara nyingi na sikulielewa hadi nilipolikuta kwenye kitabu cha 4,000.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa kuwa mhariri alisema makala lazima iwe na msimamo: nanunua. Nanunua cha aliyefungwa akaandika kuhusu gereza, kwa sababu sisi tunaolipia magereza hatuingii humo na wanaoingia kwa kawaida hawaandiki. Cha anayeniuzia usiku wenyewe wa tukio, bastola na kilio, akiwa hai na anakula mrabaha wake, sinunui. Nitakiazima maktaba. Na nikinunua, natafuta na jina la pili kwenye hati ya mashtaka kabla ya kufika ukurasa wa mwisho. Najua mpaka huo umepinda. Kitabu cha Chessman chenyewe kinapita pande zote mbili, na leo nikikikuta tena kwenye lile turubai nadhani ningekinunua, ila nisingekipeleka kimbwetani kujitapa.

Nilimwambia yule dada hayo. Hakusema ndiyo wala siyo. Siku ya tatu akaniambia nimwazime, ana kazi ya sheria ya ushahidi na anataka kuona mambo ya kumbukumbu za kesi, si zaidi ya hapo. Kimekaa kwake wiki mbili sasa. Juzi saa saba usiku akanitumia ujumbe wenye maswali mawili. La kwanza, kama ni kweli yule aliyetafsiri hatimkato alikuwa na undugu na mwendesha mashtaka. La pili, ni ukurasa gani wanapoanza wale wanawake.

La kwanza nilimjibu. La pili nilimwambia aendelee kusoma.